Tangi la Majitaka Halisubiri Kufurika

Tangi la majitaka lililojengwa sawasawa hujaa katika wiki zake za kwanza, kisha hubaki limejaa maisha yake yote. Ndivyo linavyofanya kazi. Kinachoingia upande mmoja husukuma kiasi kilekile kitoke upande wa pili kuelekea shimo la kufyonza, na kimo cha maji ndani yake hakibadiliki. Kwa hiyo mwenye nyumba anayesema ataita gari la kunyonya “likijaa” anasubiri dalili ambayo tangi haliwezi kumpa. Siku atakapoona maji meusi yakichungulia kwenye mfuniko wa chemba, au choo kikigoma kushusha maji, mara nyingi kitakachokuwa kimeshindwa ni shimo la kufyonza, na kushindwa huko kutakuwa kumeandaliwa kwa miaka kadhaa huku yeye akiamini kwamba mambo ni shwari. Ninachokusihi katika mwongozo huu ni kuliacha kabisa neno hilo “likijaa”, na kuanza kunyonya tangi kwa kipimo cha tope. Jambo hili lina uzito kwetu kwa sababu nyumba zilizounganishwa na bomba kuu la majitaka ni chache. Hata Dar es Salaam, jiji kubwa kuliko yote Tanzania, mtandao wa mamlaka ya majisafi na majitaka ya jiji, DAWASA, unafika sehemu ndogo tu ya wakazi. Waliobaki, nyumba kwa nyumba, ni mameneja wa mitambo midogo ya majitaka, wajue wasijue.

Ndani ya tangi, majitaka hutulia na kujigawa tabaka tatu. Vilivyo vizito, yaani kinyesi, mchanga na mabaki ya chakula, huzama na kuwa tope. Vyepesi, hasa mafuta ya kupikia na masalia ya sabuni, huelea na kugandamana kuwa utando mzito. Katikati hubaki maji yaliyochujika kiasi, na hayo ndiyo yanayotakiwa kutoka. Bakteria wasiohitaji hewa huendelea kula sehemu ya tope na kutoa gesi. Kazi yote hiyo inadai muda wa kutulia: siku nzima kwa uchache, na zikiwa mbili au tatu ni bora. Tundu la kutokea hulindwa na kiungo cha bomba chenye umbo la herufi T, ambacho mafundi hukiita tii. Mguu wake wa chini hutumbukia kupita utando ili maji yachotwe kutoka tabaka la kati. Tii hiyo ni ya bei ndogo, na ni rahisi fundi mwenye haraka kuiacha, kwa sababu bila hiyo maji bado yatapita na choo bado kitashuka. Kasoro itajitokeza baadaye, wakati utando wa mafuta utakapoanza kusafiri na maji kuelekea shimoni. Kama nyumba yako ni mpya, au umeinunua bila kujua ilivyojengwa, fungua mfuniko wa upande wa kutokea uhakikishe tii ipo. Kama haipo, kuiweka ndiyo kazi ya kwanza kabla ya nyingine yoyote.

Shimo la kufyonza nalo lina maisha yake. Kuta zake hujengwa kwa mawe au matofali yaliyoachiwa nafasi, na chini halisakafiwi, ili maji yapenye ardhini. Kila mahali majitaka yanapokutana na udongo huota utando mweusi wa bakteria na uchafu. Ukiwa mwembamba una faida, kwani huchuja vijidudu kabla maji hayajaenda mbali. Tope na mafuta yakianza kuvuka kutoka kwenye tangi, utando huo hunenepa, vitundu vya udongo huziba kimoja baada ya kingine, na shimo lililokuwa likinywa maji ya familia nzima kwa siku huanza kunywa nusu, kisha robo. Hapo gari la kunyonya haliwezi tena kukuokoa. Litatoa maji leo, na baada ya siku chache shimo litajaa upya, kwa kuwa ugonjwa uko kwenye udongo wa pembeni, mahali ambapo bomba la gari halifiki. Nyumba inayoita gari kila mwezi imeshafika hatua hiyo. Na ukitazama nyuma, karibu kila mara utakuta tangi lake lilikaa miaka bila mtu kuuliza tope limefika wapi.

Tufanye hesabu. Chukua tangi lenye urefu wa mita 2, upana wa mita 1 na kina cha maji cha mita 1.5, hilo hubeba lita 3,000. Katika nchi za joto, makadirio yanayotumiwa sana na wahandisi wa usafi wa mazingira ni kwamba mtu mmoja huacha lita 40 hivi za tope kwa mwaka, pale maji ya jikoni na bafuni yanapoingia tangi moja na ya choo. Familia ya watu 6 itaacha lita 240 kwa mwaka. Kanuni ya kawaida ni kunyonya wakati tope na utando vikijumlishwa vimechukua theluthi moja ya tangi, yaani lita 1,000 kwa mfano wetu. Gawanya, utapata miaka minne na ushei. Haishangazi basi kwamba Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani huwaambia wenye nyumba wa huko wanyonye kila baada ya miaka 3 hadi 5. Lakini jenga vyumba vya uani, pangisha, watu wawe 12, na muda huo unashuka hadi miaka miwili. Muda wa kutulia nao unaporomoka. Kwa matumizi ya lita 100 za maji kwa mtu kwa siku, familia ya watu 6 huyapa majitaka yake siku tano ndani ya tangi jipya. Watu 12 huyapa siku mbili na nusu, na kama nusu ya tangi imeshakuwa tope, inabaki siku moja na robo. Ongeza siku ya kufua mashuka, pale lita mia kadhaa zinapoingia asubuhi moja, na tope litakorogwa na kusukumwa nje kabla halijapata nafasi ya kuzama.

Hesabu hii ni ya kukadiria. Familia mbili zenye idadi sawa ya watu zinaweza kutofautiana mara mbili, moja ikipika kwa mafuta mengi na kusugua masufuria kwa mchanga, nyingine haifanyi hivyo. Kwa hiyo pima, kama dereva anavyochomoa kijiti kuangalia oili bila kungoja injini ilie. Tafuta mti mnyoofu au bomba jembamba la plastiki linalozidi kina cha tangi kwa angalau nusu mita. Funga kitambaa cheupe, taulo kuukuu kwa mfano, kuanzia ncha ya chini hadi zaidi ya nusu ya urefu wake. Kupitia mfuniko wa upande wa kutokea, sukuma mti taratibu kupita utando mpaka uguse sakafu, uache dakika chache, kisha uuchomoe polepole bila kuutikisa. Sehemu iliyozama katika tope itatoka na chembe nyeusi zilizonasa kwenye nyuzi za taulo. Juu yake kitambaa kitakuwa kimelowa tu. Pima kimo cha weusi huo kwa futikamba. Kwa utando wa juu, tumia mti mwingine uliopigiliwa kipande cha ubao mtambuka kwenye ncha: uteremshe kupita utando, kisha uvute juu mpaka usikie ubao umegota chini ya utando, na uweke alama kwenye mti usawa wa uso wa juu wa utando; kutoka ubao hadi alama hiyo ndicho kimo cha utando. Jumlisha vimo hivyo viwili. Katika tangi letu la mfano, lenye kina cha sentimita 150, jumla ikikaribia sentimita 50 piga simu ya gari. Andika tarehe na kipimo mahali pasipopotea. Ukishakuwa na vipimo viwili vya miaka miwili tofauti, utajua mwendo wa tope la nyumba yako kuliko fundi yeyote anayekisia akiwa getini.

Kazi hiyo ya kupima ni salama ikiwa utaifanya ukiwa umesimama pembeni, uso ukiwa mbali na tundu, mikono imevikwa glavu, bila sigara wala kiberiti karibu. Gesi inayozalishwa humo ina methani, ambayo huwaka, na haidrojeni salfaidi, ambayo huua. Hii ya pili ina harufu ya yai viza ikiwa kidogo. Ikifika kiasi cha sehemu 100 katika milioni ya hewa, huipofusha pua, na mtu hudhani hatari imekwisha kumbe ndiyo imezidi. Ikiongezeka mara kadhaa zaidi ya hapo, inaweza kumwangusha mtu kwa pumzi chache. Kwa hiyo hakuna sababu hata moja ya wewe, kijana wa kazi au fundi asiye na vifaa vya kupumulia kushuka ndani ya tangi, hata kama limenyonywa na linaonekana kavu, na hata kama kilichoangukia humo ni simu. Mtu akizimia ndani, usimfuate. Piga kelele, ita kikosi cha zimamoto, jaribu kumvuta kwa kamba ukiwa nje. Taasisi ya taifa ya Marekani inayochunguza usalama kazini iliandika mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya vifo katika maeneo finyu kama haya ni vya watu walioingia kuwaokoa wenzao. Hata huku kwetu, mara kwa mara tunasoma habari za watu wawili watatu waliofia shimo moja la choo, na ukizifuatilia utaona walifuatana hivyohivyo. Mifuniko pia iwe mizito, isiyoweza kusogezwa na mtoto, na ile iliyopasuka ibadilishwe siku hiyohiyo.

Watakaopinga wapo, na pingamizi la kwanza huwa na sauti ya ushahidi: “Nyumba yetu ina miaka kumi na mitano, hatujawahi kunyonya, na hakuna kilichotokea.” Inawezekana kabisa. Lakini lita 240 kwa mwaka kwa miaka 15 ni lita 3,600, zaidi ya ujazo wote wa tangi tulilolipigia hesabu. Hazikuyeyuka. Ama zimevuka kwenda kwenye shimo la kufyonza na kujilimbikiza humo, ama kinachoitwa tangi ni shimo lisilosakafiwa ambalo linavujia ardhini kila siku. Katika udongo wa kichanga wa Dar es Salaam, au juu ya mwamba wa matumbawe wenye nyufa kama wa Unguja, shimo la namna hiyo linaweza kudumu miaka mingi bila kufurika, na mwenye nyumba akajisifu. Gharama yake inalipwa na kisima. Viwango vya kimataifa vya misaada ya dharura, vinavyojulikana kwa jina la Sphere, vinataka vyoo viwe angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji ya ardhini, na sakafu ya shimo iwe angalau mita 1.5 juu ya kimo cha maji hayo. Penye mwamba wenye nyufa, umbali unatakiwa kuwa mkubwa zaidi. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 hakina mita 30 popote ndani yake. Maana yake kisima chako kinalindwa na jinsi tangi la jirani linavyotunzwa, na chake kinalindwa na lako. Maji ya kisima yakiwa masafi kwa macho hayathibitishi chochote: nitrati inayotokana na majitaka haina rangi wala harufu, na ikizidi ni hatari hasa kwa watoto wachanga wanaokorogewa maziwa kwa maji hayo.

Pingamizi la pili linakuja madukani, likiwa limefungwa katika pakiti: unga au kimiminika cha bakteria kinachoahidi kwamba shimo halitanyonywa tena. Wengine humwaga hamira, wengine chumvi, wengine mafuta ya taa. Tumaini hili lina historia ndefu. Donald Cameron alipojenga tangi lake katika mji wa Exeter, Uingereza, mwaka 1895, lilisifiwa kwamba bakteria humo wangemaliza tope lote. Majiji mengi yaliyajaribu matangi ya namna hiyo, na uchunguzi uliofuata ukaonyesha kwamba bakteria hupunguza tope kwa kiasi, lakini sehemu kubwa hubaki na lazima itolewe. Tangi la kawaida tayari lina bakteria wengi kupita kiasi chochote cha pakiti, kwani kila anayetumia choo huwaongeza. Mchanga, nywele na plastiki haviliwi na bakteria yeyote. Ile dawa inayoonekana kufanya kazi mara nyingi huwa imelivunja tope na utando vikaelea na kutoka kuelekea shimoni, yaani imeharakisha uharibifu uleule tunaoukimbia. Mafuta ya taa na viyeyusho vingine ni vibaya zaidi kwa sababu hupenya hadi kwenye maji ya ardhini. Fedha ya pakiti za mwaka mzima iweke kando kwa ajili ya gari. Dawa ya kusafishia choo, ikiwamo ile yenye klorini, haina madhara ya kutisha ikitumika kwa vipimo vya kawaida. Kumwaga galoni nzima kwa mkupuo ndiko kunakoua bakteria.

Kama huwezi kuongeza bakteria, unachoweza kufanya ni kupunguza kinachoingia, na hapo nguvu yako ni kubwa kweli. Mafuta yaliyokaangiwa mihogo au samaki yaache yapoe, yamimine kwenye chupa, yatupe na taka ngumu. Sufuria yenye mafuta ifute kwa karatasi kabla ya kuiosha. Mchanga na majivu ya kusugulia vyombo visiingie karoni, maana havielei wala haviozi. Kila gramu yake inabaki chini mpaka siku ya kunyonywa. Pampasi, taulo za kike, kondomu na vitambaa vyenye unyevunyevu vya kufutia watoto, hata vile vilivyoandikwa kwamba vinaweza kutupwa chooni, vitafutiwe ndoo yenye mfuniko ndani ya choo chenyewe. Aibu ndiyo hufanya vitu hivi vitumbukizwe, hasa na wageni na wasichana, na ndoo iliyowekwa wazi mahali pake huondoa aibu hiyo bila mtu kuambiwa neno. Kisha kuna maji yasiyostahili kuingia kabisa. Maji ya mvua kutoka kwenye paa yakielekezwa kwenye chemba ya majitaka, mvua moja kubwa ya masika inaweza kumwaga tani kadhaa za maji ndani ya saa chache na kulisafirisha tope lote. Yapeleke kwenye mtaro au kwenye simtanki. Choo kinachovuja polepole ndani ya bakuli nacho hupitisha mamia ya lita kwa siku bila sauti. Tia rangi ya chakula kwenye tangi lake la kuflashi, na ukiiona rangi imeshuka bakulini baada ya nusu saa bila mtu kuflashi, badilisha kifuniko cha mpira.

Pingamizi zito kuliko yote ni la fedha. Gari la kunyonya ni gharama inayouma, na familia inayolipa ada ya shule ina haki ya kuuliza kwa nini ilipie kitu ambacho bado kinafanya kazi. Jibu liko katika kulinganisha gharama hiyo na inayofuata. Shimo la kufyonza likiziba, linahitajika jingine: wachimbaji, mawe au matofali, mfuniko wa zege, bomba, fundi. Na fedha hata zikipatikana, ardhi haipo. Kwenye kiwanja kidogo chenye nyumba kubwa, vyumba vya uani na maegesho, nafasi ya shimo la pili ni ya kutafuta, na ya shimo la tatu haipo kabisa. Udongo unaofyonza ni mali isiyonunulika tena kiwanja kikishajaa. Wapo wanaokwepa gharama zote mbili kwa kutapisha: kutoboa tangi wakati mvua inanyesha ili uchafu uondoke na mafuriko. Naelewa ugumu unaomfikisha mtu huko, lakini sitaki kukisemea kitendo hiki kwa upole. Kinyesi kinachotoka kwako kinaingia uani kwa watu wa bondeni, kwenye visima vyao na kwenye miguu ya watoto wao. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea mikoa mingi ya Tanzania na kuwapata watu zaidi ya 20,000 kufikia mwaka uliofuata, na njia kuu ya kipindupindu ni kinyesi cha mtu kufika kinywani mwa mwingine. Asiyemudu gari peke yake azungumze na majirani: nyumba tatu zikiita gari siku moja zina nguvu ya kujadili bei. Mahali gari haliingii kwa ufinyu wa njia, uliza serikali ya mtaa kuhusu vikundi vinavyotumia pampu za mkono, kama ile iitwayo Gulper ambayo imetumika katika mitaa kadhaa ya Dar es Salaam.

Panga siku ya kunyonya mapema, katika kiangazi. Januari na Februari ni miezi mizuri kwa pwani, maana tangi litaingia masika likiwa na nafasi, na gari halitazama njiani. Wakati wa mvua kubwa maji ya ardhini hupanda, na tangi la plastiki likiachwa tupu linaweza kuinuliwa kutoka ardhini na kukata mabomba yake. Hata katika kiangazi, mahali penye maji ya karibu, lijaze maji mara tu gari linapoondoka. Mfuniko ufunguliwe kabla gari halijafika, na bomba la kunyonya lipite kwenye tundu kubwa, lisipite kwenye tii, kwa sababu litaivunja. Kaa uangalie, ukiwa umesimama upande upepo unakotoka. Dereva mwenye haraka hunyonya maji ya juu, ambayo ni mepesi, na kuacha tope chini, kisha hudai tangi limekwisha. Mwombe akoroge kwa kurudisha sehemu ya maji kwa shinikizo, ili tope lichanganyike na kunyonyeka, na hakikisha kwa mti wako kwamba sakafu imefikiwa. Masalia kidogo yakibaki hayadhuru. Usioshe kuta kwa sabuni. Kabla ya kulipa, muulize anamwaga wapi. Dar es Salaam yapo mabwawa ya kusafishia majitaka yanayopokea magari, ya Vingunguti yakiwa mfano unaojulikana, na mwenye gari halali hulipia kumwaga huko na anaweza kuonyesha risiti. Anayekutoza bei ya chini mno pengine anamwaga mtoni, na wewe ndiye uliyemlipa afanye hivyo.

Siku hiyohiyo tazama bomba la hewa na kila ufa wa zege. Mbu aina ya Culex, anayesumbua usiku katika miji yetu, hupenda kuzaliana katika maji machafu ya mashimo ya vyoo, na ndiye anayeeneza matende na mabusha kwa wingi mijini pwani. Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti walitandaza chembe nyepesi za polistareni juu ya maji ya mashimo ya vyoo ili mbu wakose pa kutagia, huku wakazi wakipewa dawa ya minyoo ya matende. Mbu walipungua sana, na maambukizi yakaendelea kushuka. Katika tangi lako haihitajiki zaidi ya wavu imara juu ya bomba la hewa, saruji kwenye nyufa, na mifuniko inayokaa bila mwanya.

Kuna nyumba zilizojengwa bondeni, ambazo choo kiko chini kuliko tangi au kuliko shimo la kufyonza, nazo hutegemea pampu. Hapa ushauri wa kwanza ni wa mpangilio. Ikiwezekana, pampu ikae baada ya tangi, isukume maji yaliyokwisha kutulia, kwa sababu hapo itakutana na tope kidogo na itadumu. Ikilazimika kukaa kabla ya tangi, chagua ile inayopitisha vipande bila kuvisaga. Pampu yenye visu vya kusaga ni nzuri kwa nyumba inayosukuma majitaka kwenda kwenye bomba kuu la jiji, lakini ikimwaga kwenye tangi la nyumbani hugeuza kinyesi kuwa uji mwembamba usiozama haraka, na uji huo huishia shimoni. Visu hivyo pia vina mpaka: vitambaa vya kufutia, nywele ndefu na nyuzi hujisokota kwenye mhimili mpaka mota iungue. Kila mwezi mimina ndoo kadhaa za maji kwenye kisima cha pampu uone boya likiinuka, pampu ikiwaka, kisha ikizima yenyewe. Sikiliza pia kama maji yanarudi baada ya kuzima. Yakirudi, valvu ya kuzuia maji kurudi imechakaa. Mara moja kwa mwaka fundi aivute pampu juu kwa mnyororo wake, kamwe si kwa waya wa umeme, aisafishe na kulikagua boya, ambalo huganda kwa mafuta na ndilo chanzo cha kufurika kwingi. Umeme uzimwe kwenye swichi kuu kabla ya mtu kugusa chochote. Na kwa kuwa umeme hukatika, kisima hicho kiwe na nafasi ya kubeba matumizi ya siku moja, na watu wote nyumbani wajue kwamba umeme ukikatika hakuna kufua wala kuoga kwa bomba.

Katika nyumba za kupanga, nani apime na nani alipe ni swali linalozaa ugomvi mpaka siku uchafu unapotokea uani. Liamuliwe kwenye mkataba. Mwenye nyumba ndiye mwenye tangi, shimo na ardhi, kwa hiyo upimaji wa kila mwaka na gharama ya kunyonya ni vyema viwe vyake, akiviingiza kwenye kodi kwa uwazi. Wapangaji wachukue wajibu wa kinachoingia. Mchoro mdogo unaoonyesha tangi liko wapi, mifuniko iko wapi na shimo la kufyonza liko wapi, pamoja na orodha ya tarehe na vipimo, ubandikwe nyuma ya mlango wa stoo au upande wa ndani wa boksi la mita. Anayenunua nyumba au kuhamia aombe kuuona kabla ya kusaini, na kama haupo, aje na mti na taulo lake apime mwenyewe.